Mrejesho: madoa meupe kwenye kaunta ya marumaru

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu madoa meupe kwenye kaunta ya marumaru, yasiyotoka hata nikisugua kwa siki. Kumbe siki ndiyo iliyokuwa inanimaliza! Mliosema si doa, ni jiwe limeliwa na asidi, mlipatia: nilipitisha ukucha nikahisi pamekwaruza, duara kamili la kitako cha glasi ya juisi ya limau.

Nimesugua kwa unga wa kung'arishia marumaru na kitambaa kibichi. Mng'ao umerudi, ingawa mwanga ukipiga kwa ubavu bado naona kivuli (mke wangu anasema ni macho yangu tu). Kaunta hiyo ina pia doa jingine, la mafuta; hilo nililipaka uji mzito wa bekingi soda, nikafunika kwa nailoni saa 24, mara mbili. Limefifia, halijaisha. Wikiendi narudia.