Tupeane uzoefu: adabu za orodha za imeili za watu wa Linux na mitandao

Wakuu, vijana wananiuliza kwa nini mradi kama Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, bado unaendeshwa kwa orodha za imeili (barua moja inawafikia wote waliojiunga) wakati Telegram ipo. Jibu langu: kila neno linabaki kwenye kumbukumbu za wazi, na anayekuja kesho anasoma bila kumwomba admini amuunge. Ila uwazi huo una masharti. Mliopita huko, shusheni uzoefu.

Mdau, Arusha: Kuna dogo nilikuwa namwelekeza, alituma marekebisho ya drava (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa). Kimya. Kumbe seva ya orodha ya Linux inazikataa barua za HTML, zile zenye rangi na mapambo, kabla hazijaingia kwenye orodha. Wanataka maandishi matupu. Na Gmail ya kwenye brauza inageuza alama za tab kuwa nafasi za kawaida, kwa hiyo kiraka (hayo marekebisho ya msimbo) hakiingii. Alipohamia git send-email, amri ya kutuma viraka kwa imeili, na kuweka mstari wa Signed-off-by (jina lake, kuthibitisha ana haki ya kuitoa kazi hiyo), akajibiwa.

Mdau, Nairobi: Kazini kwetu kila imeili inayotoka inabandikwa chini lile tangazo refu la "barua hii ni siri". Mtunza mradi akanijibu kwa kifupi tu: cha siri hakipokelewi kwenye orodha ya wazi. Sikuwa na la kubisha. Watu wa IT waligoma kuliondoa, nikahamia anwani yangu binafsi. Jingine: jibu chini ya kila kipande unachokijibu na ufute yasiyohusika. Kuandika juu na kuacha mkia wa kurasa tatu kunawachosha watu.

Mdau, Dodoma: Mimi niko upande wa IETF, jumuiya inayoandika viwango vya intaneti. Hakuna ada wala kadi ya uanachama, unajiunga na orodha ya kikundi kazi na kuchangia. Kilichonivutia ni RFC 2418 (RFC ni hati zao zenye namba) ya 1998: hata wakikubaliana mkutanoni, jambo linarudishwa kwenye orodha. Sisi tusio na nauli tunahesabika. Ila ukigeuka msumbufu sugu, RFC 3683 ya 2004 iliweka utaratibu wa kukunyang'anya haki ya kuandika.

Mdau, Mombasa: Na matusi je? Linux ilisifika kwa hilo, mpaka mwanzilishi wake, Linus Torvalds, alipoomba radhi Septemba 2018 na mradi ukapokea kanuni mpya za mwenendo. Kwa macho yangu lugha imepoa, ila kazi mbovu bado inarudishwa vilevile.

Mdau, Mwanza: Mwenzetu mmoja alibandika mipangilio yote ya ruta, nywila ikiwemo, akiomba msaada. Akaanza kuwabembeleza waifute. Wapi! Nakala zilishasambaa kwenye tovuti nyingine. Ikikutokea, badilisha nywila kwanza, kulia baadaye.

Mgeni: Samahani wakuu, usipojibiwa unakumbushia lini?

Mdau, Arusha: Kwa kernel (kiini cha Linux), subiri angalau wiki moja, na zaidi kama wako kwenye msimu wa kuunganisha toleo jipya. Ukituma upya kiraka ulichokirekebisha, andika v2 (toleo la pili) kwenye kichwa cha barua na useme umebadilisha nini.