MJADALA: Vipindi vya TV tulivyokua navyo vilitufundisha huruma, swali ni huruma kwa nani?

Wakuu habari za usiku. Kuna ubishi ulianza kwenye kikao cha wazazi huku kwetu Kigoma na mpaka leo watu wanaubeba mitaani, nimeona niulete hapa. Mzee mmoja alisimama akasema watoto wa saivi hawana utu kwa sababu ya katuni, wanaona paka anapondwa nyundo ya kichwa wanacheka, sa hata mwenzao akianguka njiani wanacheka vilevile. Mama mmoja akamjibu palepale kwamba TV haijawahi kulea mtoto wa mtu, maadili yanatoka nyumbani, na mbona sisi tuliokulia kwenye sinema za kungfu hatujawa majambazi. Ukumbi ukagawanyika na kikao kikafungwa hivyohivyo.

Mi naona wote wawili wameuliza swali dogo. TV inafundisha, tena sana, ila somo lake kubwa sio kupiga au kutokupiga. Somo lake ni nani anastahili kuonewa huruma na nani hata akifa maisha yanaendelea.

Tuliokua kabla ya ving'amuzi, enzi umeme wa Kigoma ni wa majenereta na ukikatika umekatika, mnakikumbuka kibanda umiza. Mabenchi, joto, watoto tumejazana mpaka mlangoni. Kitu cha kwanza unachouliza ukiingia ni stelingi nani. Ukishaonyeshwa stelingi basi moyo wako wote uko kwake, akipigwa risasi ya bega tu kibanda kizima kinanyamaza, kuna watu wanaumia kweli kweli, afu dakika mbili mbele yeye anafyeka watu thelathini wasio na majina na sisi tunapiga mabenchi kwa furaha. Huwa najiuliza wale thelathini walikuwa akina nani, maana hakuna mtoto hata mmoja mle ndani aliyewahi kuuliza. Na sio kwamba tulikuwa watoto wenye roho mbaya, huruma tulikuwa nayo nyingi tu, ila kuna mtu alikuwa ameshatuamulia iende wapi.

Na msiniambie ni mambo ya zamani. Juzi kati nilikuwa kwa jirani hapa Gungu, binti yake anaangalia tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa, kuna mtoto yatima ananyanyaswa na mama wa kambo, binti analia machozi ya ukweli mpaka anajifuta na upindo wa kanga ya mama yake. Tangazo likaingia akatoka barazani. Pale nje alikuwepo mtoto anapitisha sinia la mihogo, mama yake ni wa ng'ambo kule Burundi, na huyu binti bila kukunja hata uso akamwambia "we mrundi hebu pita huko". Afu akarudi ndani kuendelea na yatima wake. Dakika tano hazikupita kati ya machozi na hilo neno. Yule wa Uturuki ameshaonyeshwa analala njaa, anaota mama yake, anaogopa giza, huyu wa mihogo nani kamuonyesha?

Hili linatuuma zaidi sisi kwa sababu mtu wa Kigoma akifika Dar ye mwenyewe anaitwa mrundi, ataulizwa uraia wake mpaka achoke. Na kwenye vichekesho vya TV tangu tuko wadogo mtu wa kwetu akitokea basi ni mchawi au ni lafudhi ya kuchekwa. Watoto wa Dar walikua wakituona hivyo, tusishangae wanavyotupokea.

Twende mbele kidogo, kwenye jambo zito. Mauaji ya wenzetu wenye ualbino yalivyoshika kasi kuanzia miaka ya 2006 na 2007, ikafika mahali watoto wadogo wanatolewa makwao wanahifadhiwa shuleni Kabanga pale Kasulu ili wasiuawe. Sisemi TV ndo ilisababisha, ushirikina na tamaa ya utajiri ndo vilisababisha. Ila nikirudisha akili nyuma kwenye kila nilichoangalia utotoni, sikumbuki mtoto hata mmoja mwenye ualbino aliyekuwa mtoto tu, anacheza, anagombana na dada yake, anapenda ugali na mgebuka. Hakuwepo. Kwa hiyo maneno ya mtaani kwamba hawafi wanapotea yalikuta akili zetu ziko wazi, hakuna picha nyingine ya kuyapinga.

Wanaosema vipindi havibadilishi mtu, wakumbuke Twende na Wakati, mchezo wa redio wa Radio Tanzania ulioanza 1993, wenye yule mhusika Mkwaju dereva wa malori. Watafiti waliacha eneo la Dodoma lisirushiwe mchezo ule mpaka 1995 ili walinganishe, na sehemu zilizousikia watu walibadilika zaidi kwenye uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi. Afrika Kusini mwaka 2002 waliingiza kwenye Takalani Sesame mdoli anaitwa Kami, katoto ka kike yatima kenye virusi vya ukimwi, kipindi ambacho watoto wa aina hiyo walikuwa wanatengwa. Hakuwekwa ili aonewe imani tu, aliwekwa acheze na wenzake, na mimi naona hapo ndo penyewe.

Halafu kuna Rwanda. Mchezo wa redio Musekeweya ulianza 2004 kuhusu vijiji viwili vyenye uhasama, na utafiti wa Elizabeth Levy Paluck uliotoka 2009 ukakuta jambo ambalo limenikaa sana: wasikilizaji imani zao za moyoni hazikubadilika sana, kilichobadilika ni wanachoona ni sawa kufanya mbele ya watu, kama kuongea wazi na kuaminiana. Tena walikuwa wanasikiliza pamoja kwa vikundi, wanajadili. Hapa yule mama wa kikao nampa haki yake nusu, kipindi kinahitaji mtu wa kukaa pembeni na mtoto, ila sio kweli kwamba kipindi chenyewe hakina kazi.

Najua kuna mtu atasema tuna katuni za kufundisha za Ubongo Kids tangu 2014 na yule mtoto wa katuni Akili yupo kule chini ya Mlima Kilimanjaro. Nawapenda, wanangu wanaangalia, ni Kiswahili chetu na ni watoto wanaofanana na wetu. Ninachodai ni kiti kimoja zaidi pale. Mtoto kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu awepo, mtoto wa Kabanga awepo, Muha wa huku Kigoma aongee lafudhi yake bila mtu kucheka, na wasiwe wageni wa kipindi kimoja cha kufundisha somo afu wanapotea. Televisheni ya taifa inaendeshwa kwa kodi zetu, inaweza kuagiza hilo kesho wakitaka.

Na pale kwa jirani sikunyamaza, nilimuita yule wa mihogo nikanunua, nikamuuliza jina mbele ya binti. Binti alikuwa hajui jina lake na wanaonana kila siku.

Sasa wadau, nyie mlikua mnaangalia nini, na kwenye hicho mlichoangalia ni mtoto wa aina gani hakuwahi kuonekana kabisa? Wa Tabora nao waje, hasa waliokulia karibu na Ulyankulu na wakimbizi wa Burundi wa 1972, nataka kusikia kwenu watoto mlikuwa mnaitana nini.