Naomba ushauri: kituo cha taka cha manispaa mbili, tuchangie vipi?

Habari wakuu. Nipo kwenye kamati ya mtaa hapa Dar. Sisi na majirani wa manispaa nyingine tunatumia kizimba kimoja cha taka kilicho mpakani. Maguta yanaleta, lori linapakia kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Lori likichelewa, maji meusi yanatiririka hadi mbele ya genge la mboga, na kila upande unadai zamu ni ya mwenzake.

Sasa tunajadili kukifanya kituo kamili cha kuhamishia taka, chenye sakafu ya zege, paa na mizani. Naunga mkono kabisa. Taka zetu nyingi ni maganda na mabaki ya chakula. Yakichambuliwa hapo yakawa mbolea, kama Kinondoni walivyoanzisha Mabwepande, safari za Pugu zitapungua.

Kinachoniumiza kichwa ni malipo. Tuchange kwa idadi ya kaya au kwa uzito? Mizani ni haki zaidi, ila nahofia wenye maguta wataikwepa na kumwaga bondeni. Wazee nao wanakumbusha Tabata, wakazi walivyolishtaki jiji Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa sababu ya dampo.

Mliowahi kuandaa makubaliano kama haya, kipengele gani kisikosekane? Na waokota chupa wanaopata riziki pale, tuwaingizeje kwenye mkataba?