Soksi za kubana miguu kwa safari ndefu ya basi: je, zinamfaa mgonjwa wa kisukari?

Mwana wa Rungwe (Tukuyu) aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mama yangu mzazi ana umri wa miaka 64, ana kisukari na shinikizo la juu la damu kwa muda mrefu, na mwezi ujao anatarajia kupanda basi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwenda kumwona mjukuu wake mchanga. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 800, na sisi tunaoifahamu barabara ile tunajua kwamba malori yakikwama kwenye mlima wa Kitonga, mtu anaweza kukaa kitini saa nyingine ambazo hakuzipanga. Miguu yake yote miwili huvimba jioni hata akiwa nyumbani, kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, panabaki shimo.

Shangazi amesisitiza nimnunulie mama soksi za kubana, zile zinazosaidia kuzuia damu isigande miguuni. Nilipouliza katika duka moja la vifaa tiba, muuzaji alinitolea boksi lililoandikwa milimita 20 hadi 30 za zebaki, yaani kipimo cha nguvu ya kubana, akasema saizi ile inamwenea mtu mzima yeyote, wala hakuuliza mvaaji ni nani. Jambo hilo lilinitia shaka, nikaondoka bila kulipa. Naomba kufahamishwa: je, soksi hizi zinasaidia kweli, huchaguliwa vipi, na zina madhara yoyote kwa mwenye kisukari?

Muuguzi wa Gangilonga (Iringa) alijibu:

Ndugu yangu, shaka yako ina msingi. Damu ya mguuni hupanda kurudi kwenye moyo kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu, ambayo kila inapokaza huzikamua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na kuisukuma damu juu, huku vali, yaani vilango vidogo vilivyomo ndani ya vena, zikiizuia isirudi chini. Mtu anapokaa saa nyingi amekunja magoti, misuli hiyo hailazimiki kufanya kazi, damu inatuama, na ikituama huwa rahisi kuganda. Soksi za kitabibu hubana zaidi kifundoni na kupunguza nguvu kadiri zinavyopanda kuelekea goti, hivyo vena huwa nyembamba na damu hupita kwa kasi zaidi. Soksi nene za sufu tunazovaa huku kwetu mwezi wa sita na wa saba hazifanyi kazi hiyo, hata zikibana namna gani.

Kuhusu safari, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2007 kwamba hatari ya damu kuganda huongezeka takribani mara mbili kwa msafiri anayekaa saa nne au zaidi bila kujongea, awe kwenye ndege, treni, basi au gari dogo. Hata hivyo, kwa mtu mwenye afya njema hatari yenyewe bado ni ndogo, takribani mtu 1 kati ya 6,000. Huongezeka kwa aliyewahi kupata donge la damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito au aliyejifungua ndani ya wiki sita, mwenye saratani, mnene kupita kiasi, au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Utafiti uliofanywa kwa abiria wa ndege umeonyesha kuwa soksi zinazofika chini ya goti hupunguza madonge yasiyo na dalili pamoja na uvimbe wa miguu.

Sasa nije kwa mama. Kisukari cha miaka mingi huweza kuziba ateri, yaani mishipa inayopeleka damu mguuni, na huweza kuleta ganzi ya nyayo. Ukiubana kwa nguvu mguu ambao tayari haupati damu ya kutosha, unauzidishia njaa. Na kama una ganzi, mwenyewe hatasikia soksi inapomchubua mpaka kidonda kitokee. Kwa hiyo, kabla ya duka, aende kituo cha afya akapapaswe mapigo ya mishipa ya nyayo na kupimwa hisia za miguu. Mapigo yakiwa hafifu, hospitali kubwa inaweza kulinganisha presha ya kifundoni na ya mkononi, ingawa kwa wenye kisukari kipimo hicho wakati mwingine hudanganya kwa kuwa ateri zao hukakamaa.

Naomba pia kuuliza: je, dawa yake ya presha ni amlodipini? Na anachoka au kuishiwa pumzi anapotembea?

Abiria wa Makambako alijibu:

Kwa heshima zote, naona mnamtisha bure. Mimi huvaa soksi kama hizo nilizozipata kwenye mitumba ya Mwanjelwa kila ninapokwenda Dar es Salaam kwa biashara ya viazi, nazo zimenisaidia sana, kwani nashuka kituo cha mabasi cha Magufuli viatu vikiwa bado vinaingia.

Mfiziotherapia wa Mbeya alijibu:

Ndugu Abiria, sina sababu ya kubisha kwamba wewe zinakufaa, lakini soksi ya mtumba huwa imekwisha kunyumbulika mahali pasipotarajiwa, na yaweza kubana zaidi juu kuliko chini, jambo ambalo linaifunga damu badala ya kuipandisha. Hata soksi mpya hupoteza nguvu baada ya miezi michache ya kuvaliwa kila siku.

Saizi hupatikana kwa futikamba ya fundi cherehani, asubuhi kabla miguu haijavimba: unapima mzunguko wa kifundo mahali palipo pembamba zaidi, mzunguko wa shavu la mguu mahali palipo panene zaidi, na urefu kutoka kisigino hadi kwenye kunjo la goti, kisha unalinganisha na jedwali lililo kwenye boksi. Soksi isiyo na jedwali la vipimo, mimi siinunui. Mvaaji aigeuze nje ndani hadi kisiginoni, atie mguu, kisha aipandishe taratibu mpaka isiwe na mkunjo hata mmoja. Glavu za mpira za kuoshea vyombo husaidia sana kuishika. Kosa ninaloliona kila mara ni watu kukunja sehemu ya juu inapozidi urefu. Hapo kunakuwa na mikanda miwili ya mpira chini ya goti, na mguu huvimba kuliko wa asiyevaa kitu.

Niongeze kwamba soksi hizi si dawa ya kila hali. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 2,500 katika nchi za Uingereza, Italia na Australia, ulionyesha kuwa soksi ndefu za kufika mapajani hazikupunguza damu kuganda kwa kiwango cha maana, huku michubuko na vidonda vya ngozi vikitokea kwa asilimia 5 ya waliovalishwa, ikilinganishwa na asilimia 1 ya wasiovalishwa.

Mwana wa Rungwe alirejea:

Nawashukuru sana. Ni kweli, mama anameza amlodipini. Jana nilimpeleka hospitali. Mapigo ya mguu wa kulia yanasikika vizuri, lakini ya wa kushoto ni hafifu, na nyayo zote mbili zina ganzi kidogo. Daktari amesema asivae soksi za kubana hadi atakapopimwa zaidi. Shangazi hajaridhika, na sasa anashauri ameze aspirini na achuliwe miguu kabla ya kupanda basi. Je, hilo nalo likoje?

Muuguzi wa Gangilonga alijibu:

Mpe shangazi shikamoo yangu, lakini aspirini asimpe bila daktari kuagiza, maana kinga yake dhidi ya madonge ya safarini haitoshi kuhalalisha hatari ya kutokwa damu tumboni. Amlodipini huvimbisha vifundo vya watu wengi. Mweleze daktari, naye ataamua kama aibadilishe, ila mama asiiache mwenyewe.

Kwa safari, mkatieni tiketi ya kiti cha kando ya njia, si dirishani. Kila baada ya nusu saa hivi avute vidole vya miguu juu na kuvishusha, na basi linaposimama kwa chakula au watu wanapochimba dawa, ashuke atembee. Wazee wetu wengi hujinyima maji ili wasimsumbue kondakta. Mama asifanye hivyo, hasa kwa kuwa ana kisukari. Kama inawezekana, ivunjeni safari alale Iringa au Morogoro.

Kuhusu kuchua, mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma kwenye shavu na kuwa na joto, usichuliwe wala kukandwa, kwani huenda kuna donge na linaweza kung'oka. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo linganisheni miguu yote miwili kwa macho na kwa viganja, wakati wa safari na kwa wiki chache baada ya kufika. Akiishiwa pumzi ghafla, akapata maumivu ya kifua anapovuta hewa au akakohoa damu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama ni katikati ya safari.