Naomba ushauri: kugandisha mabaki madogo ya jikoni yawe kiungo cha mboga

Mama_Nkuhungu
Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, tunakula watu wanne, friji ni ya milango miwili, ule wa juu ndio friza. Kila siku vinabaki vitu vya kumwaga roho ikiuma: vijiko viwili vya nyanya ya kopo, nusu kikombe cha tui, supu kidogo, nusu fungu la giligilani, kipande cha tangawizi. Nazi yenyewe hadi itoke Pwani ifike huku bei imeshapanda. Nataka kuvigandisha niwe natupia kwenye mboga. Niviwekeje, vinakaa muda gani, na umeme ukikatika inakuwaje?

Jiko_la_Kizota
Dada, anza na trei ya barafu. Pima tundu moja kwa maji ujue linabeba vijiko vingapi vya chakula (nyingi ni kimoja hadi viwili), hicho ndicho kipimo chako kuanzia leo.

Nyanya ya kopo usiiache ndani ya kopo. Chota kijiko kimoja kila tundu, gandisha usiku mzima, asubuhi banjua vipande uhamishie kwenye kifuko cha zipu, kamua hewa yote, andika jina na tarehe. Wengi wanaishia kwenye trei tu, na hapo ndipo mambo yanaharibika. Trei ikikaa wazi, baridi kavu inanyonya unyevu: vipande vinasinyaa, vinapauka, na vinabeba harufu ya samaki aliyelala jirani. Tarehe nayo usiidharau, maana baada ya mwezi ukwaju na supu nzito vinafanana kama mapacha.

Tui gandisha siku hiyohiyo ulilokamua, lile la kwanza zito. Likiyeyuka utakuta limekatika, maji huku mafuta kule. Halijaoza, baridi imetenganisha tu. Litie mwishoni, moto mdogo, koroga taratibu, usiliache lichemke kwa nguvu. Kwa maharage au mchicha hakuna atakayejua.

Giligilani osha, kausha kwa kitambaa hadi maji yaishe, katakata, jaza tundu kisha mwagia mafuta ya alizeti yafunike majani. Yakiyeyuka yanalegea, kwa hiyo ni ya mchuzi, kachumbari sahau.

Kitunguu swaumu na tangawizi twanga pamoja, sehemu mbili kwa moja, kwa maji kidogo. Ukisaga kwa mafuta, peleka friza muda huohuo. Swaumu mbichi iliyozama kwenye mafuta haikai kabatini, kwa sababu kuna kijidudu kinachopenda mahali pasipo na hewa, kinatoa sumu kali na huwezi kukigundua kwa kunusa.

Mchuzi_Mzito
Kwenye supu ndiko kuna faida kubwa. Mifupa iliyobaki, hata ya kuku wa kuchoma, weka kifuko kimoja friza hadi ifike kilo moja. Chemsha kwa lita 3 za maji, moto mdogo, saa 3. Mkaa uliobaki baada ya kusonga ugali unafaa, kwa gesi utalia. Chuja, rudisha jikoni bila mfuniko, ipungue hadi lita moja. CHUMVI USITIE. Supu ikipungua chumvi haipungui, na kipande kimoja kitakuja kuharibu sufuria nzima.

Mwishoni mwa saa hizo tupia ncha za karoti na mashina ya giligilani. Kabichi hapana, inaleta harufu ya kuchukiza ikichemka muda mrefu. Maganda makavu ya vitunguu yakizidi yanaleta uchungu.

Kupoza: kalisha sufuria kwenye beseni la maji baridi, badilisha maji mara mbili, kisha friji. Mafuta yakiganda juu yaondoe, ndipo umimine kwenye trei. Ukitumia chombo kikubwa acha nafasi juu, maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na chupa ya kioo iliyojazwa hadi mdomoni inapasuka. Vipande vinne vinatosha maharage ya nusu kilo.

Fundi_Majokofu
Niingilie upande wa mashine. Friza inatakiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kile kisanduku kidogo ndani ya friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki huko, humo hesabu wiki mbili tu. Yako ya milango miwili, kama mpira wa mlango unabana vizuri, miezi mitatu sawa. Sufuria ya moto usiingize, inapandisha joto la vilivyoganda na kuongeza theluji ukutani.

Umeme ukikatika USIFUNGUE. Iliyojaa inashikilia baridi kama saa 48, ya nusu saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu zijaze chupa za plastiki zenye maji, zisifike juu kabisa. Weka pia kikombe cha maji, yakiganda lalisha sarafu juu. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama chini, vyote viliyeyuka vikaganda tena: mwaga. Kama upo nyumbani, angalia fuwele za barafu. Zikiwepo bado, rudisha. Vikishakaa vuguvugu zaidi ya saa 2 visihurumiwe, na mchana wa Oktoba au Novemba joto likipita nyuzi 32, saa moja tu.

Ukoo_wa_Mlenda
Mlenda mkavu msije mkauweka friza kwa kunogewa na uzi! Hewa yetu ni kavu, kopo lenye mfuniko linatosha. Ukitoka kwenye baridi unavuta umande unakuwa mabonge. Karanga za kusaga ndizo zipelekwe, mafuta yake yanachacha haraka kwenye joto. Funga vijiko viwili viwili. Ukwaju pia: robo kilo, vikombe viwili vya maji ya moto, fikicha, chuja, gandisha.

Jiko_la_Kizota
Naongezea, baridi haiui vijidudu, inavilaza. Nyanya masalo zenye ukungu au supu iliyolala mezani usiku, friza haitazisafisha.

Mama_Nkuhungu
Asanteni sana, nimeandika yote. Sasa kipande kinaingia sufuriani kikiwa barafu au nikiyeyushe kwanza? Na mvinyo uliobaki kwenye chupa?

Mchuzi_Mzito
Supu, nyanya na ukwaju tia hivyohivyo, lakini baada ya rojo kuwa na majimaji. Barafu ikigusa mafuta ya moto maji yanageuka mvuke ghafla, mafuta yanaruka usoni. Swaumu inayotakiwa kukaangwa itoe dakika 15 kabla, au iweke kwenye mafuta yakiwa bado baridi ndipo uwashe jiko. Tui liyeyushe ndani ya friji toka asubuhi. Mvinyo unaganda kilaini sababu ya kilevi, utauchota kwa kijiko. Tundu mbili kwenye rosti ya nyama, mapema, uchemke vizuri.

Fundi_Majokofu
Na trei ya swaumu itenge kabisa na ya barafu ya juisi. Harufu ile haitoki kwenye plastiki hata uisugue kwa ndimu.