Udi wangu hausemi kitu

MwanaLangoni:
Assalaam aleikum. Najifunza kupiga udi, ile ala ya nyuzi, hapa Lamu, huu mwaka wa pili. Nyimbo 4 za taarabu nazipiga bila kukosea. Juzi baada ya Isha nilipiga mmoja barazani mbele ya ami yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Noti zote umezipata, ila sikusikia kitu," akarudia kahawa yake. Imeniuma, maana wimbo huo ndio aliokuwa akiupenda marehemu bibi. Moyoni ninao, kwenye nyuzi haufiki. Nifanyeje?

FundiKibangala:
Waaleikum salaam, mwanangu. Weka udi chini kwanza, uimbe. Maneno umeyahifadhi? Kama ni shairi la mizani 16, yaani silabi 16, mshororo una 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili, na mwimbaji huvuta pumzi baina yake. Sasa itazame risha yako, hiyo unayopigia nyuzi: hapo penye pumzi inanyamaza, au inaendelea kukwaruza? Wengi wetu tunajaza, tunaogopa kimya. Uache uzi ulie mpaka ukaribie kuzimika, ndipo uingie utao. Mimi nilikaa miezi mitatu hivyo, naimba mshororo, naujibu kwa udi, naimba tena.
Na nguvu isiwe moja. Silabi inayobeba neno ishushie risha kwa uzito, zinazofuata zipitie juu juu.

BintiShela:
Mwalimu kasema kweli. Kaka, kama wimbo ni wa Bayati, ile maqamu ya Kiarabu, sikiliza na noti ya pili. Ukianzia re, mi yake iko chini kidogo ya mi ya kinanda, na juu ya mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu toni. Shingo ya udi haina vyuma kama gitaa, kwa hiyo kidole chako ndicho kinachoamua. Mimi nilitoka kwenye kinanda, mwaka mzima nikawa naikanyaga ile ile ya kinanda, huzuni yote ikapotea. Msikilize Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa hapa hapa Lamu, ufuate kidole chake polepole.

MwanaLangoni:
Ahsanteni sana. Jana usiku nimeimba kwanza. Kweli nilikuwa najaza! Ila mshororo wa tatu unanishinda: maana haikomi kwenye ukwapi, inavuka. Hapo pia ninyamaze?

FundiKibangala:
Hapo usinyamaze. Legeza mkono tu, uvuke nayo, pumzi uivute mwisho wa mshororo.