Kwa nini Umar alimwondoa Khalid katika uamiri wa jeshi?

Swali: Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba kueleweshwa ilikuwaje Umar bin Al-Khattab, aliyeshika ukhalifa mwaka 634, akamwondoa Khalid bin Al-Walid, jemadari hodari kuliko wote huko Sham (eneo la Syria na jirani zake).

Jibu la kwanza: Waalaykumu salaam. Inayotajwa sana ni kwamba Umar alichelea watu wasije wakadhani ushindi unatoka kwa Khalid badala ya Mwenyezi Mungu. Uamiri akapewa Abu Ubayda, sahaba wa Mtume, na Khalid, kwa sifa yake, akaendelea kupigana chini yake.

Jibu la pili: Kwangu mimi uzito uko kwenye mali. Inasimuliwa kwamba Khalid alimpa Al-Ash'ath bin Qays, mkuu wa kabila la Kinda, zawadi ya dirhamu 10,000, na Umar, ambaye katika mwaka wa ukame wa Ramada alijinyima samli akala mafuta ya zeituni mpaka rangi yake ikabadilika, aliagiza Khalid aulizwe hadharani, kilemba chake kikiwa kimevuliwa: kama fedha ni za umma, amefanya hiana, kama ni zake, amefanya israfu.

Muuliza swali: Ahsanteni. Nilikuwa nikidhani ni chuki binafsi tu.